Kiduha hushindwa chini ya udongo

Wakulima wengi wa mahindi na mtama ninaowahudumia katika kazi ya ugani hupambana na kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mazao, kwa jembe, kisha hushangaa msimu unaofuata maua yake ya zambarau yanapotapakaa upya. Palizi hufika ikiwa imechelewa. Kiduha hujishika kwenye mizizi ya zao na kulinyonya kwa majuma kadhaa kabla hakijachomoza, na mmea mmoja humwaga makumi ya maelfu ya mbegu laini kama vumbi, ambazo huweza kuishi udongoni kwa zaidi ya miaka 10.

Mbegu hizo haziamshwi na mvua peke yake, bali husubiri kemikali zinazotolewa na mizizi, na hapo ndipo tunapoweza kuzihadaa. Soya na pamba huziamsha pia, lakini hazinyonyeki, hivyo mche wa kiduha hufa kwa kukosa chakula. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, hufanya zaidi. Watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, waliipanda katikati ya mahindi katika miaka ya 1990 wakilenga kufukuza funza wa mabua, wakaona kiduha nacho kinapungua. Baadaye ilibainika kwamba mizizi yake huamsha mbegu za kiduha na papo hapo huzuia kimzizi chake kukua hadi kufikia mizizi ya mahindi. Isitoshe, desmodiamu huongeza naitrojeni, kirutubisho cha mimea, udongoni, ilhali kiduha hupenda zaidi ardhi iliyochoka.

Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi. Mbegu zake ni ndogo sana, kwa hiyo zichanganywe na mchanga mkavu na kufukiwa juujuu tu. Huanza polepole, hivyo msimu wa kwanza ipaliliwe kwa uangalifu, na mkulima asitazamie makubwa mwaka huo. Ikishashika hudumu kwa miaka, mradi ipogolewe isiyafunike mahindi machanga. Majani yanayokatwa ni malisho mazuri ya ng'ombe na mbuzi.

Sipendekezi njia hii kila mahali. Mbegu ni ghali, ingawa vipando vya shina hushika vizuri, na pale ambapo mifugo huachiwa mashambani baada ya mavuno, desmodiamu isiyo na uzio huliwa yote. Huko nashauri mzunguko wa mazao wenye soya, samadi ya kutosha, na kung'oa kiduha kabla hakijatoa maua. Kilichokwisha kuchanua kichomwe, wala asilishwe ng'ombe, kwa maana mbegu zilizokomaa hupita tumboni zikiwa hai na kurudi shambani ndani ya samadi ileile.