Kiuno kinachouma kwa waogeleaji: maswali ya huku Mwanza

Kila nikiogelea mtindo wa kipepeo au chura kiuno kinauma, fristaili niko poa. Shida nini?

Hiyo mitindo miwili ndo inayobonyeza kiuno kwa nyuma kuliko mingine. Kila ukiinuka kuvuta pumzi zile pingili 5 za kiuno zinabanana kwa nyuma, na ukiogelea mita 2000 kwenye bwawa la mita 25 hapo umekata bwawa mara 80, sasa hesabu umeinuka mara ngapi. Kuinuka peke yake sio kosa, kosa ni tumbo na makalio kulegea, kiuno kinabaki kubeba kazi yote chenyewe. Na kile kibao cha kupigia miguu nacho mchokozi, mikono iko mbele, kichwa juu, kiuno kimebonyea muda wote. Kikianza kuuma weka kibao pembeni upige miguu ukiwa chali, na mapezi ya kuvaa miguuni yapumzishe kidogo maana yanaongeza mzigo.

Si ninyooshe tu mgongo uwe laini zaidi?

Hapa ndo wengi tunapotea jamani. Muogeleaji wa mashindano mara nyingi kiuno chake kinakunjika vya kutosha, kilichokaza ni mabega, mgongo wa juu na misuli ya mbele ya nyonga, hasa kwa mwanafunzi anayeshinda amekaa darasani. Bega likigoma kufika juu mwili unaenda kuiba kwenye kiuno. Jipime, egemea ukuta, visigino hatua moja mbele, bana kiuno kiguse ukuta halafu inua mikono iliyonyooka taratibu kwenda juu. Kiuno kikiachia ukuta kabla mikono haijafika masikioni, basi fanyia kazi mabega na mgongo wa juu, kiuno kiache.

Sitapu 200 kila siku zinatosha?

Mi nasema achana nazo. Majini huna ardhi ya kukanyaga, kiwiliwili ndo kinashika kila kitu, kwa hiyo kazi ya tumbo ni kuzuia kiuno kisibonyee wakati mikono na miguu inahangaika, na sitapu haikufundishi hilo. Tandika mkeka au kanga, lala chali, magoti juu ya nyonga, mikono inaangalia dari, kandamiza kiuno chini hadi kiganja kisipite. Toa pumzi yote taratibu huku unashusha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, ukisikia tu kiuno kinataka kunyanyuka rudi, hata kama mguu umeshuka kidogo tu, hapo hapo ndo mwisho wako kwa leo. Badilisha upande. Ongeza planki, yaani kujishikilia kwa viwiko mwili umenyooka, ya mbele na ya ubavu, sekunde 10 umebana makalio, pumzika, rudia, ni bora kuliko dakika 3 kiuno kikining'inia. Mara 3 kwa wiki inatosha kuanzia.

Tumbo likikaza sitakuwa mgumu?

Hapana. Mazoezi haya hayapunguzi kukunjika kwako.

Mimi naogelea ziwani, sio bwawani.

Mawimbi yanakulazimisha kuinua kichwa uone unakoenda, kichwa kikipanda nyonga zinazama, kiuno kinabonyea. Inua macho tu, kisha geuka upande uvute pumzi. Na ziwa letu lina kichocho, hasa cha matumbo, kwa hiyo ukiona damu kwenye choo kikubwa au kwenye mkojo usiseme ni kiuno, nenda kapime, dawa ya prazikwanteli ipo.

Mwanangu ana miaka 13, anaambiwa avumilie maumivu.

Asivumilie mama. Mfupa unaokua unaweza kupata ufa kwenye pingili, mara nyingi ile ya chini kabisa, kwa kubonyezwa hivyo hivyo kila siku. Akisimama kwa mguu mmoja akainama nyuma na kikauma, au maumivu yamepita wiki 2, asimamishe kipepeo na chura aonwe na daktari. Ufa ukiwahiwa mara nyingi unatulia kwa kupumzika na mazoezi ya fiziotherapia, ila ni miezi, sio siku. Ganzi miguuni au sehemu za siri, mguu kuishiwa nguvu, au kushindwa kuzuia mkojo, hiyo ni hospitali ya Bugando siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.