Baridi ikirudi, foleni ya barafu hubaki mtoni

Kila majira ya baridi huulizwa swali moja: mvua yenyewe ilikuwa ya kawaida tu, mbona mto umefurika hivi? Kazi yangu ni kupima mito kaskazini-mashariki mwa Marekani, na huku mvua peke yake haikwambii kitu mpaka ujue barafu iko wapi.

Chukua Januari 2018, Mto Housatonic, mjini Kent, jimbo la Connecticut. Tangu mwishoni mwa Desemba baridi kali ilikaza kwa takriban wiki mbili, mto ukaganda. Tarehe 12 joto likapanda ghafla, mvua ikanyesha juu ya theluji. Wengi hudhani barafu ya mto iliyeyuka siku hiyo. Haikupata muda huo. Maji yalipopanda yaliinyanyua, yakaivunja mapande mapande, yakayasukuma yote kwa pamoja. Mapande ya namna hiyo yakikuta kona, nguzo za daraja, au sehemu ambayo barafu bado ni nzima, hukwama. Yanayofuata hujisokota chini ya yaliyotangulia na mengine hupanda juu, mpaka njia ya maji inabanwa. Hiyo ndiyo foleni ya barafu. Sisi tuliokulia karibu na Rufiji tumezoea mto unaojaa taratibu, siku baada ya siku. Huu hupanda kwa dakika. Kent, maji na barafu vilivamia barabara namba 7, ikabidi ifungwe.

Kisha baridi ikarudi, na hapa ndipo ninapoomba mnisikilize. Maji hushuka kidogo, watu wanashusha pumzi, wanarudisha vitu vyao chini. Lakini foleni ile haijaenda popote. Maji yaliyo katikati ya mapande yanaganda na kuyaunganisha, zege tupu. Joto likija tena, barafu mpya inayoshuka kutoka sehemu za juu za mto inakuta kizuizi kilicho tayari. Kwa hiyo mimi huogopa zaidi joto la pili kuliko la kwanza.

Unene wa barafu ya kawaida twaweza kuukadiria hata bila kwenda mtoni. Jumlisha nyuzi za baridi chini ya sifuri, siku kwa siku. Ukifikisha 400, mzizi wake wa mraba ni 20. Kwa mto wa wastani wenye theluji juu, zidisha kwa 1.5 hivi: sentimita 30. Kwa foleni iliyogandana hesabu hiyo haifai kitu, maana mapande yamerundikana. Hata kipimo cha kina hupotosha: kinaonyesha maji yako juu, ila hakiwezi kusema ni mengi kiasi gani yanayopita chini ya barafu.

"Si mlipue tu?" watu huniuliza. Ukilipua, mapande yanahitaji pa kwenda. Kama mbele kumeganda, umeihamishia foleni kwa jirani, tena ikiachia ghafla maji yaliyozuiliwa hushuka kama ukuta. Ndiyo maana meli za kuvunja barafu huanza upande wa chini wa mto, zikifungua njia kuelekea juu. Mwezi uleule Walinzi wa Pwani walipeleka meli zao Mto Connecticut, maeneo ya Haddam. Housatonic pale Kent haina kina cha kupitisha meli. Wakazi walibaki kuusubiri mto ujifungue wenyewe, huku wakitazama utabiri wa joto lijalo.