Kutunga na kumwaga: maana ya serialaizesheni

"Tumeserialaizi kwa pointa, ndiyo maana mfumo uko fasta." Kauli ya namna hii huitoa vijana wa programu wa Mwanza wakielezana jinsi mizani ya samaki inavyotuma vipimo kwenye seva, na kila anayeisikia hutikisa kichwa kukubali. Neno "fasta" liko sawa. Neno "pointa" nalo liko sawa. Tatizo liko kwenye "tumeserialaizi", maana mara nyingi ukiifungua hiyo kodi ya programu hukuti serialaizesheni yoyote ndani.

Maana kwanza, kwa haraka. Strakti ni kundi la sehemu zinazokaa pamoja kwenye memori. Pointa ni thamani inayotaja anwani. Ukijua anwani ya mwanzo wa strakti na umbali wa sehemu unayoitaka kutoka hapo mwanzo, unaifikia moja kwa moja bila kuitaja jina. Serialaizesheni ni kuiandika data kwa mfuatano wa baiti ambao mashine nyingine inaweza kuusoma bila kujua lolote kuhusu mashine yako. Kwa hiyo pointa ni namna ya kufika, na serialaizesheni ni mapatano.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoteleza. Linatokana na Kilatini: *series*, mfululizo, na nyuma yake kitenzi *serere*, kuunganisha kitu kimoja baada ya kingine. Kiswahili hakina haja ya kuhangaika kulitafsiri. Mvuvi anapopitisha kamba kwenye matamvua ya sato, mmoja baada ya mwingine, anatunga samaki, na anachokibeba ni mtungo. Shanga nazo hutungwa. Ukiushika mtungo unajua yupi wa kwanza na yupi wa mwisho, na ukimkabidhi mtu mwingine, mpangilio unabaki ule ule. Hiyo ndiyo serialaizesheni. Kumwaga samaki kwenye beseni ni kazi nyingine kabisa, hata kama samaki ni wale wale na imekwenda haraka zaidi.

Mzizi huo huo umezaa ndugu wawili wanaoleta mkanganyiko. Namba ya seriali iliyo nyuma ya mizani inafuatisha vifaa kimoja baada ya kingine. Waya wa seriali, ule wa RS-232 ambao mizani nyingi za kidijitali bado zinao, unapitisha biti moja baada ya nyingine. Ndipo unamsikia mtu akisema mizani yake "inaserialaizi yenyewe" kwa kuwa ina tundu la RS-232. Waya haujui gramu wala chombo cha uvuvi. Unapokea baiti ulizoupa na kuzisukuma. Nani atangulie na nani afuate, hilo uliamua wewe kabla ya waya, au hukuamua kabisa.

Tuchukue kipimo kimoja cha mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, kwa lugha ya C:

struct pimo {
    uint8_t  aina;
    uint32_t gramu;
    uint16_t chombo;
    uint64_t muda;
};

Aina ni namba ya samaki, tuseme 1 kwa sato na 2 kwa sangara. Namba kwenye uint8_t na wenzake ni biti, na biti 8 ni baiti moja. Jumlisha: 1, 4, 2 na 8 ni baiti 15. Muulize kompaila, yule anayeigeuza kodi kuwa maagizo ya mashine, wa Linux ya biti 64 kwa sizeof, atakujibu 24. Baiti 9 za ziada ni za kujazia. Namba ya baiti 4 hupenda kukaa kwenye anwani inayogawanyika kwa 4, na ya baiti 8 kwenye inayogawanyika kwa 8, basi kompaila anaacha mapengo: baiti 3 baada ya aina, 6 baada ya chombo. Hii ni lumbesa iliyogeuzwa, gunia limejaa hewa badala ya kufurika. Ukizipanga sehemu kuanzia kubwa kwenda ndogo, muda kwanza na aina mwisho, strakti inashuka hadi 16. Na strakti ile ya kwanza, bila kubadilisha herufi hata moja, ukiikompaili kwa Linux ya x86 ya biti 32 inakuwa 20, kwa sababu huko namba ya baiti 8 ndani ya strakti inaridhika na mpaka wa 4.

Kwa hiyo anayeichukua anwani ya strakti na kuandika baiti zote kwenye soketi, yaani mlango wa mtandao, kwa mkupuo ametuma 24, na upande wa pili unaweza kuwa unasubiri 20. Pimo la kwanza litaharibika nusu, la pili litaanzia mahali pasipo pake, na kuanzia hapo kila kitu ni takataka. Halafu yale mapengo si lazima yawe na sifuri. Yanaweza kuwa na chochote kilichokuwa kwenye memori hapo awali, huenda hata kipande cha nywila. Ndiyo sababu pia kulinganisha strakti mbili kwa memcmp, inayolinganisha baiti kwa baiti, kunaweza kukuambia hazifanani wakati sehemu zake zote ni sawasawa.

Sangara wa kilo 25.4 ni gramu 25,400. Kwenye prosesa za x86, na karibu ARM zote zinavyotumika leo, namba hiyo inakaa ikiwa na baiti ndogo kwanza: 38 63 00 00 kwa heksadesimali, yaani namba za msingi wa 16. Anayesoma akitarajia baiti kubwa kwanza, kama itifaki za msingi za intaneti zinavyofanya, ataona gramu 946,012,160. Hizo ni tani 946 za samaki mmoja, na sangara mkubwa kuliko wote Ziwani hafiki hata robo ya tani. Wasemaji wa Kiswahili wasingepaswa kushangazwa na hili. Neno ishirini tumelichukua kwa Waarabu, lakini wao husema "tano na ishirini", wakitanguliza ndogo, nasi tunasema "ishirini na tano". Namba ni ile ile, na kila upande uko sahihi nyumbani kwake.

Kuna kosa jingine linalouma zaidi, la strakti yenye pointa ndani yake, kwa mfano jina la mwalo likiwa char *, yaani pointa ya maandishi. Ukimwaga strakti hiyo hutumi jina, unatuma anwani. Anwani bila mji ni kama kumpa mtu S.L.P. 120 usimwambie ni ya Mwanza au ya Bukoba. Tena kwenye kidhibiti kidogo cha biti 32 pointa ni baiti 4 na kwenye seva ya biti 64 ni 8, kwa hiyo hata urefu haukubaliani. Aina ya long nayo ina tabia hiyo hiyo: baiti 8 kwenye Linux ya biti 64, 4 kwenye Windows ya biti 64. Tumia uint32_t na wenzake, uachane na long.

Hakuna kati ya haya kinachosema pointa ni mbaya. Njia ya haraka ipo na ni nzuri. Unatengeneza jedwali mara moja: kwa kila sehemu, umbali wake kutoka mwanzo wa strakti (C hukupa kwa offsetof), ukubwa wake, na aina. Unaishika strakti kwa pointa ya unsigned char, unaongeza umbali, unanakili sehemu kwenye bafa, eneo la memori la kuandalia baiti za kutuma, mahali palipokubaliwa, unasogea mbele kwa ukubwa wa sehemu. Kitanzi kimoja kinahudumia strakti zote. Kinachokosewa hapa ni kuibadilishia pointa aina kwa nguvu, kuisoma bafa+1 kama vile ni uint32_t. Kwenye x86 itapita kimya. Kwenye Cortex-M0, prosesa ndogo ya vidhibiti, ambayo haikubali kusoma baiti 4 kwa mkupuo kwenye anwani isiyogawanyika kwa 4, programu inakufa hapo hapo, na hata pale inapopita, kanuni rasmi za lugha ya C hazikulindi. Tumia memcpy ya baiti 4. Wanaoiogopa kwamba itachelewesha hawajaangalia kodi inayotoka: kompaila za GCC na Clang, ukiziomba ziboreshe kodi kwa -O2, huigeuza kuwa agizo moja pale prosesa inaporuhusu.

Kwenye lugha ya Go ni wazo lile lile kwa nguo nyingine. Kifurushi cha reflect, cha kuchunguza aina za data, kinajua umbali wa kila sehemu lakini ni kizito ukikiita kwa kila pimo, basi unakiuliza mara moja programu inapoanza, unahifadhi umbali, kisha unafikia sehemu kwa unsafe.Add, iliyokuja na Go 1.17. Usihifadhi anwani kwenye kigeu cha uintptr ukairudia baadaye. Kwa mkusanya taka, sehemu ya Go inayofuta data isiyotumika tena, hiyo ni namba tu, haimzuii kuitupa data iliyoko pale. Kwa lugha ya Rust, weka repr(C), yaani panga sehemu kama C, kabla ya kuamini umbali wowote, maana bila hiyo kompaila ana ruhusa ya kuzipanga sehemu apendavyo.

Wengine hukimbilia packed, agizo la kumkataza kompaila kuacha mapengo, wakidhani ndiyo dawa ya yote. Inaondoa mapengo, kweli, na strakti yetu inakuwa 15. Haigusi mpangilio wa baiti, haigusi pointa za ndani, na ukichukua anwani ya gramu ndani yake umejirudisha kwenye tatizo la Cortex-M0. GCC 9 na kuendelea hukuonya juu ya hilo. Sikiliza onyo.

Na hiyo kasi inayosifiwa, tuipime mahali inapotumika. Waya wa mizani kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde hupitisha baiti 960 kwa sekunde, kwa kuwa kila baiti inabeba biti 10 ukihesabu ya kuanzia na ya kumalizia. Pimo la baiti 24 huchukua milisekunde 25, la baiti 15 huchukua kama 15.6. Kunakili sehemu nne moja moja kunagharimu nanosekunde chache. Aliyemwaga strakti nzima ili aziokoe hizo amelipa milisekunde zaidi ya 9 kusafirisha hewa.

Mjuzi atapinga: mbona fomati za FlatBuffers na Cap'n Proto husomwa moja kwa moja kwa umbali, bila kufungua kitu? Ni kweli, na zinaitwa serialaizesheni kwa haki. Umbali wake umeandikwa kwenye mapatano ya fomati, na baiti ndogo hutangulia kwenye mashine zote. Kompaila wako hana kauli hapo. Viungo vya ndani navyo ni umbali kutoka mahali fulani ndani ya bafa, kwa hiyo bafa ikihama vinahama nayo. Sun, kampuni ya kompyuta, walikuwa na fomati yao ya XDR tangu miaka ya 1980, na wao walichagua baiti kubwa kwanza, kila kitu kwa mafungu ya 4. Chaguo ni tofauti, ila kila moja liliandikwa.

Basi mwenzako akisema ameserialaizi kwa pointa, usimkatishe mbele ya watu. Kusoma sehemu kwa pointa amefanya, na huenda vizuri. Muulize tu: baiti ya 0 ni nini, ya 1 hadi ya 4 ni nini, ipi inatangulia, na siku mtakapoongeza sehemu ya bei, mpokeaji wa zamani atajuaje? Akikuonyesha ukurasa wenye majibu, hata ukiwa wa daftari, ametunga. Akikujibu "angalia kwenye strakti", mwambie taratibu kwamba hapo bado amemwaga, kisha mkae mzihesabu zile baiti 15 pamoja.