Kupimwa uwezo kwa SHA ni nini hasa

Hii maneno ya "kupimwa uwezo", yaani uwezo wa kulipia bima ya afya ya serikali ya Kenya chini ya SHA, watu wanaitumia vibaya mpaka inachosha. Hapa Kisumu utasikia mtu anamwambia nyanya yake ati ukishajibu maswali ya CHP, yule mhudumu wa afya wa kijijini, kwa simu tayari uko na bima, na mwingine barazani anasema anayelalamikia hiyo kupimwa hataki wazee watibiwe. Si kweli zote mbili, na hiyo ya pili ndiyo inaniuma.

Kwa ufupi, aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Mkulima, mama mboga ama mzee wa kijijini hana pesilipu, kwa hivyo anaulizwa maswali, mfumo unakadiria mapato ya nyumba yake, unahesabu hiyo asilimia 2.75 ya hayo mapato, na haishuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Ni hivyo tu.

Lakini shika hapo kwa kukadiria. Wanaangalia ukuta ni wa nini, paa, choo, maji mnatoa wapi, mnawasha stima ama koroboi. Sasa chukua mama wa miaka 76 huko Luanda, Vihiga, kijana wake wa Nairobi alimjengea nyumba ya matofali, mabati ya rangi, tiles mpaka sebuleni, juu mzee alikuwa amefariki na wageni wa matanga walikuwa wanakuja. Fomu ikiona hiyo nyumba inaona tajiri, na mama mwenyewe anangojea ile 2,000 ya kila mwezi ya Inua Jamii, pesa ya serikali ya kusaidia wazee. Kwa bima ya kijana hawezi kuingia, hapo ni mke na watoto, mzazi anajisajili kivyake. Na hata akiwekwa kiwango cha chini kabisa, 300 kutoka kwa 2,000 ni asilimia 15, hiyo 2.75 iko wapi?

Hii vita ni ya zamani. Uingereza mwaka wa 1908 walipitisha pensheni ya wazee wa miaka 70 kwenda juu, lakini kwanza mapato yako yaangaliwe. Halafu 1931 kazi zilipopotea wakakaza zaidi, maafisa wakawa wanaingia kwa nyumba za wasio na kazi, wanaangalia mpaka viti na meza, wanahesabu mshahara wa kila mtu anayelala hapo, baba anapunguziwa msaada juu binti yake ameandikwa kazi, na vijana wengine wakahama kwao kabisa. Watu walipiga kelele miaka kumi mpaka 1941 hiyo ya kuhesabu nyumba nzima ikaondolewa. Walikuwa wanapinga kipimo, msaada wenyewe waliutaka sana.

Huku kwetu ni vilevile. Kuna anayepinga kiwango, kuna anayepinga kulipa ya mwaka mzima kwa mpigo na kwa NHIF, ile bima iliyokuwa kabla ya SHA, alikuwa analipa 500 kila mwezi, na kuna anayepinga vile sheria ilipitishwa. Julai 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria zilizoleta SHA zinakiuka katiba, sababu moja ikiwa wananchi hawakushirikishwa vya kutosha, kisha Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo na SHA ikaanza Oktoba 1. Hakuna jaji aliyesema wazee wasitibiwe. Na wanaotetea kupimwa pia wana hoja nzito, juu bila kipimo chochote serikali itajuaje ni nani hana kitu kabisa ndiyo imlipie?

Kwa hivyo ukimsaidia mzee kujibu yale maswali, mwambie polepole kwamba amesajiliwa na amekadiriwa. Kwa zahanati na kituo cha afya kusajiliwa kunatosha, lakini akilazwa hospitali kubwa wataangalia kama mchango umelipwa, na yeye ama na serikali.