Kromosomu Iliyogeuka Ndani kwa Ndani

Geuza silabi za neno "kata" utapata "taka". Hakuna herufi iliyopotea wala kuongezeka, ila maana si ile tena. Kromosomu, uzi unaobeba jeni ndani ya seli, nayo huweza kukatika mahali pawili, kipande cha katikati kikageuka kichwa chini, kisha kikaungana tena na ncha zake. Sisi wa maabara ya vinasaba huuita mgeuko huo inveshoni.

Lukemia sugu ya mieloidi, aina ya saratani ya damu, haianzi kwa inveshoni. Chanzo chake ni kromosomu ya Philadelphia, iliyogunduliwa mwaka 1960: kromosomu namba 9 na namba 22 hubadilishana vipande, jeni za BCR na ABL1 zikaungana, na protini inayotokana nazo huzihimiza seli zigawanyike bila breki. Dawa ya imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huizuia protini hiyo, na wagonjwa wengi sasa huishi na ugonjwa huo miaka mingi.

Kwa wachache, seli hizohizo hupata badiliko la pili. Linalotutia hofu zaidi ni mgeuko wa kromosomu namba 3. Humo, swichi iliyozoea kuwasha jeni ya GATA2 hujikuta jirani na jeni ya MECOM. Swichi haijui kama imehama. Huwasha kilicho karibu. MECOM ikiwaka kupita kiasi huku GATA2 ikipungua, seli changa za uboho hushindwa kukomaa. Mara nyingi ugonjwa huwa umeshaingia hatua ya ukali, na vidonge peke yake havifui dafu.

Kuuona mgeuko huu ni kazi. Sehemu zote mbili za mkato ziko kwenye mkono mrefu wa kromosomu, yaani upande wake mrefu, kwa hiyo urefu na umbo havibadiliki. Chini ya hadubini tunafuata mistari ya rangi tu, na jicho lililochoka hupitwa. Ndiyo maana tunathibitisha kwa vipimo vya jeni vinavyong'aa.

Lakini si kila mgeuko ni saratani. Ukikuta "inv(9)", yaani mgeuko wa kromosomu namba 9, kwenye majibu yako, usikose usingizi: watu wengi wenye afya wamezaliwa nayo, na mara nyingi mzazi mmoja anayo pia. Mgeuko wa kurithi huwa kwenye kila seli ya mwili, ule wa saratani kwenye seli za ugonjwa peke yake. Tukiwa na shaka, tunaomba sampuli nyingine, kwa mfano ya ngozi, tulinganishe.