Vipimaji vya kampuni tofauti huelewana

Viwandani imezoeleka kusemwa kwamba vipimaji vyenye akili lazima vyote vitoke kampuni moja, la sivyo mfumo wa udhibiti hautavisoma. Si kweli. Kila kifaa cha HART, itifaki ya mawasiliano ya kidijitali kati ya vipimaji na mfumo wa udhibiti, hujibu amri zilezile za msingi: amri namba 0 hutaja mtengenezaji, aina ya kifaa na toleo lake, namba 1 na 3 hutoa vipimo.

Kinachokosekana mara nyingi ni faili la maelezo ya kifaa, lililoandikwa kwa EDDL, lugha ya kiwango cha IEC 61804. Transmita (yaani kipimaji) ya zamani ikibadilishwa kwa yenye toleo jipya, shinikizo huenda likasomeka huku menyu za urekebishaji na uchunguzi wa hitilafu zikikosekana. Hapo lawama huangukia chapa, bure kabisa. Pakua faili la toleo hilohilo, liingize kwenye mfumo, kisha kisome kifaa upya. Vifurushi vya FDI, utaratibu wa kuunganisha vifaa na mfumo wa udhibiti kwa kiwango cha IEC 62769, hukusanya maelezo hayo pamoja na programu-saidizi za mtengenezaji.

Kifaa kisipojibu kabisa, anza na waya: mzunguko wa miliampia 4–20, yaani waya zinazobeba kipimo pamoja na ishara ya HART, unahitaji ukinzani wa takriban omu 250, ili ishara isimezwe na chanzo cha umeme. Kisomeo cha mkononi kiunganishe kwenye ncha za transmita, si za chanzo hicho.