Msanii aliye uhamishoni hahitaji jukwaa lako la Juni

Kila ikifika Aprili naanza kupokea barua pepe za aina moja. Juni 20 ni Siku ya Wakimbizi Duniani, tumeandaa hafla, tunaomba utuunganishe na msanii mkimbizi, ikiwezekana aje na vyombo vya kwao, dakika kumi zinatosha. Bajeti hakuna, ila atapata jukwaa. Mwaka huu mmoja ameongeza kuwa chakula kitakuwepo. Tunashukuru kwa chakula.

Kazi yangu ni kuwasaidia wasanii waliokimbia makwao wairudie kazi yao katika nchi waliyofikia. Imani inayonichosha kuliko zote ni hiyo ya jukwaa: kwamba tatizo la hawa watu ni kutojulikana, wakishaonekana tu milango itafunguka. Jamani, wengi wao walikimbia kwa sababu walionekana mno.

Msanii akitoka, si lazima ndugu zake watoke naye. Weka mtandaoni picha yake yenye jina kamili, na huko kwao kuna ofisa anayejua mama yake anakaa wapi. Kwa hiyo kabla ya bei, kabla ya tarehe, swali ni moja: tukutangaze au tusikutangaze, na kwa jina lipi? Wapo wanaotaka kelele zote zinazowezekana, maana umaarufu ndio ngao yao. Wapo wanaotaka kimya mpaka mdogo wao avuke mpaka. Huwezi kubahatisha kwa kumtazama mtu usoni. Tena jibu hubadilika. Aliyekubali leo anaweza kukataa wiki ijayo, na mabango yameshachapishwa. Chapisha mengine.

Halafu kuna suala la kulipwa. Mtu ambaye ombi lake la hifadhi bado halijajibiwa, katika nchi nyingi haruhusiwi kufanya kazi ya malipo kwa muda fulani. Kanuni za Umoja wa Ulaya za 2013, kwa mfano, ziliruhusu nchi wanachama kumsubirisha mwombaji hadi miezi 9. Mwandaaji anayemchomekea bahasha nyuma ya pazia anajiona mwema, kumbe anaweza kumharibia kesi. Muulize wakili wake kwanza. Akisema ruksa, lipa kwa ankara, kiwango kilekile unachowalipa wengine.

Akishapata hadhi ya ukimbizi, anayo silaha ambayo wachache wanaitaja. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 14, unataka haki zake katika kazi za fasihi na sanaa zilindwe kama za raia wa nchi anamoishi. Mawakili wa uhamiaji ninaokutana nao wanakijua kifungu cha 33, kile cha kutomrudisha mtu kwenye hatari, na ni sawa, ndicho kinachookoa maisha. Ila cha 14 ndicho kinachogusa riziki.

Kugusa tu, lakini. Njoo uone inavyokuwa mezani. Mwanamuziki ana chaneli ya YouTube yenye kazi zake zote, na watu bado wanazisikiliza. Anataka kuingia, anaombwa namba ya siri iliyotumwa kwenye laini ya simu. Laini hiyo aliitupa kabla ya kuvuka mpaka, au kampuni imeshaifunga na kumpa mteja mwingine. Mirabaha, kama ipo, inaingia kwenye akaunti ya benki iliyozuiwa. Nyimbo zenyewe zimeandikishwa kwa jina la prodyusa, kwa kuwa siku ile walipeana mikono wakamaliza. Basi tunakaa na kompyuta mchana kutwa tukijaza jedwali: wimbo, mtunzi, mwaka, studio, nani alipiga besi, nani anaweza kuthibitisha. Anamkumbuka mpiga besi, anasita, ananiomba nisiliandike jina hilo kwa sababu mwenyewe bado yuko kule. Tunaandika herufi moja.

Hakuna aliyewahi kuita waandishi wa habari waje kupiga picha jedwali hilo. Lakini ndilo atakaloenda nalo kwenye chama cha hakimiliki cha nchi mpya. Hapo napo pana mtego: kama bado ni mwanachama wa chama cha kwao, kwa kawaida hawezi kusajili haki zilezile huku kabla ya kujitoa kule, na kujitoa maana yake ni kuwaandikia barua watu walio mkononi mwa serikali iliyomfukuza. Kesi nyingine tumezipatia njia. Nyingine zimekwama, na sina maneno mazuri ya kuzipamba.

Wasifu wa kazi nitaupitia haraka. “Msanii Bora wa Taifa” haimwambii chochote mkurugenzi wa ukumbi ambaye hajawahi kusikia tuzo hiyo. Andika ukumbi ulikuwa na viti vingapi, kundi lilikuwa na watu wangapi, onyesho lilidumu misimu mingapi, nani aliligharamia. Lugha ajifunze tu. Mwigizaji ataumia kuliko mchoraji. Mcheza dansi ana balaa lake, maana mwili hausubiri uamuzi wa uhamiaji.

Nirudi kwenye linaloniudhi. Mpigaji oud, ile ala ya nyuzi ya Kiarabu, aliyefundisha chuo cha muziki nusu ya maisha yake anapangwa kati ya hotuba ya diwani na meza ya vitafunwa. Anatambulishwa kwa jinsi alivyovuka bahari, wala si kwa mwalimu aliyemfundisha au mtindo anaopiga. Watu wanatokwa na machozi, wanapiga makofi wima. Kesho yake hakuna hata mmoja anayemwita kazini, kwa sababu ukumbini hakukuwa na mtu mwenye kazi ya kutoa. Ningekubali mara mia apige wimbo mmoja mbele ya mtu anayepanga msimu wa ukumbi wa kawaida, Februari, siku ambayo si ya mtu yeyote.

Tazama Miriam Makeba, mwimbaji wa Afrika Kusini. Alifika Marekani mwishoni mwa 1959, na Harry Belafonte, mwimbaji nyota wa huko, akamshika mkono kama mtu wa fani moja, akiimba naye na kumwingiza kwa watu wa biashara ya muziki. Afrika Kusini ilipomfutia pasipoti 1960, tayari alikuwa na kazi ya kushikilia, na mwaka 1966 wawili hao walipata tuzo ya Grammy pamoja. Kisha 1968 akaolewa na Stokely Carmichael, kiongozi wa harakati za Weusi Marekani, na kwa sababu hiyo maonyesho na mikataba yake Marekani ikafutwa, akahamia Guinea. Ndiyo maana siwashauri wasanii kuegemea mlango mmoja tu, hata uwe mpana kiasi gani.

Sasa mashaka yangu. Mtandao wa miji ya hifadhi, ICORN, ambao makao yake yako Stavanger, Norwei, tangu 2006 umekuwa ukiwapatia waandishi na wasanii makazi katika miji wanachama, kwa kawaida miaka miwili. Nawaheshimu mno. Ila miaka miwili! Wa kwanza unaishia kwenye usingizi, daktari wa meno, shule za watoto na makaratasi. Wa pili ndio kwanza mkono unaanza kulegea, na muda umekwisha. Tena sijui kama kumkinga mtu na soko kwa kipindi hicho kunamponya au kunamchelewesha. Nimeona yote mawili.

Na lebo. Mimi ninayepiga kelele hapa ndiye ninayejaza fomu za ufadhili zenye kichwa “wasanii walio hatarini”, jeraha likiwa mstari wa kwanza, kwa kuwa pesa ziko huko. Halafu mwaka mzima unaofuata nahangaika kuibandua lebo ile ile. Kuna mshairi aliyeniambia nimwachie, kwamba uhamisho sasa ndio mada yake na yeye ndiye atakayeamua auandike mpaka lini. Sikuwa na la kumjibu, na sidhani kama alikosea.

Waandaaji mnaowaalika nje ya nchi, jambo moja la haraka. Hati ya kusafiria ya mkimbizi si pasipoti ya nchi iliyoitoa. Anaweza kudaiwa viza mahali ambapo raia wa nchi hiyo wanapita bure, kwa hiyo msitangaze tarehe kabla viza haijatoka. Na angalieni ndege inatua wapi njiani. Kuna viwanja ambavyo yeye hawezi kukanyaga hata kwa saa moja ya kubadilisha ndege, na tovuti ya tiketi za bei poa haitawaambia hilo. Nitumieni ratiba kabla hamjalipa.